Mraba Mwekundu wa Mama Mkaguzi

Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikuwahi kumwona amekaa. Kiti alikuwa nacho, kizuri tu, cha kuzunguka, kiwanda kilimnunulia alipopandishwa cheo. Juu yake aliweka birika la chai, mkoba wake, na ile kofia ya plastiki ambayo sisi alitulazimisha kuivaa na yeye akaisahau kila siku. Chai alikunywa amesimama. Ugali aliula amesimama, sahani mkononi, huku akizunguka makabati na kuyachungulia kama mama anayekagua masikio ya watoto kabla ya kwenda misani. Na misani kwenyewe, waulize watu wa Kihonda, alisimama nyuma karibu na mlango mwanzo hadi mwisho, mpaka padri akakata tamaa ya kumwonyesha benchi.

Tulimwita Mama Mkaguzi. Jina lake la ubatizo lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, na siku nyingi kilikuwa kimegeuka nyuma mbele. Basi na libaki hivyo hivyo.

Kwa asiyetufahamu, nieleze kidogo kazi yenyewe. Kiwanda chetu kiko Morogoro, upande wa viwandani, mahali ambapo ukiinua uso kutoka kwenye vumbi la bati unaiona safu ya milima ya Uluguru imejifunika mawingu yake bila kujali una haraka gani. Mwanzoni tulitengeneza masanduku ya chuma tu. Tunakata bati, tunakunja, tunachomelea, tunapaka rangi ya unga na kuioka kwenye tanuri, kwisha. Yalikuwa makabati ya kuwekea seva, zile kompyuta zisizo na kioo zinazokaa kwenye vituo vya data na kutunza miamala yetu ya simu, picha zetu na matokeo ya mitihani ya watoto wetu. Yalikwenda Dar matupu. Huko wenzetu waliyatia nyaya, swichi, feni na mabomba ya kupoza, wakayajaribu, wakabandika nembo yao mlangoni. Sisi tulibaki na vumbi.

Hilo Mama Mkaguzi hakulimeza. "Kabati tupu ni kabati la nguo," alisema, na alimsema nalo meneja mpaka yule bwana akawa anakwepa kupita upande wetu. Alikuwa na stashahada yake ya umeme, aliitundika ukutani ndani ya fremu, na hakuwa mtu wa kujishusha. Alitaka kazi yote ifanyike hapa hapa: chuma, rangi, nyaya, umeme, maji ya kupoza, majaribio. Makabati kadhaa yafungwe pamoja juu ya fremu moja, yatoke Morogoro yakiwa mtambo mmoja kamili ambao ukifika Dar unaunganishwa na kuwaka. Tuliuita mtambo huo seti. Mwisho wenye kiwanda walikubali, lakini kwa sharti ambalo kila mmoja wetu alilijua kwa moyo. Seti zikiharibika, kazi ya nyaya na majaribio itarudishwa Dar, na Morogoro itabaki na masanduku yake. Maana yake sisi vijana wa nyaya tungefunga virago. Mimi ningerudi Dakawa kufukuza ndege kwenye mpunga wa baba, cheti changu cha umeme kikiliwa na mchwa.

Kwa hiyo ukisikia nasema alikuwa hatulii, ujue alikuwa na sababu. Ila sidhani sababu ndiyo iliyomfanya asitulie. Nadhani alizaliwa hivyo, sababu ikamkuta njiani.

Alikuwa na mkono wa ajabu. Vipimo tulikuwa navyo vya kila namna, vya umeme, vya joto, vya msukumo wa maji, na alivitumia vyote. Lakini akishamaliza kuvisoma alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha karatasi ya chooni, na kukipitisha taratibu kuzunguka kila ungio la bomba. Kisha alikiinua kwenye mwanga na kukitazama. Kikiwa na doa la unyevu, hata dogo kama punje ya ulezi, alisema maneno mawili tu, "Hapa panavuja," na mtu alifungua kazi yake yote upya. Hakugomba. Afadhali angegomba. Tulizoea kusema kwamba Mama anaweza kumpitishia karatasi mkwe wake.

Na mifuko yake yote, ya koti la kazi, ya sweta, hata ya gauni la Jumapili, ilikuwa na karatasi.

Nyumbani kwake sasa! Nilikwenda mara ya kwanza kumpelekea mchele wa kwetu nikadhani nimekosea mlango. Swichi ya sebuleni ilikuwa imeshikiliwa na plasta ya kidonda. Mlango wa friji ulifungwa kwa kamba ya mpira, na pasi ilikuwa na waya ambao kazini angeutupa mbele ya kadamnasi na kumtupa pia aliyeuleta. Nilipouangalia aliniona. "Hiyo haina mteja," akasema, akanikaribisha kiti na yeye akabaki amesimama.

Alikosea pia, msidhani nasimulia habari za malaika. Siku moja alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akazima umeme wa karakana nzima. Tulifungua vifuniko, tukanusa nyaya moja moja kama mbwa wa polisi, kazi ikalala mpaka mchana. Kumbe mpishi wetu alikuwa amesahau maharage jikoni. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mama Mkaguzi hakuomba radhi wala hakutabasamu. "Siku kituo cha data kikinuka maharage," akasema, "nyie mtakwenda kutafuta sahani." Tangu hapo kila Mama akipita, mtu wa nyaya alinong'ona, "Maharage," na yeye akajifanya kiziwi.

Ila aliyekuwa na ruhusa ya kumtania waziwazi, tena usoni, alikuwa mmoja tu.

Huyu alikuwa mpakaji rangi wetu, mzee mwembamba wa mjini, Mwislamu mwenye barakashia iliyokuwa nyeupe siku za mwanzo na baadaye ikawa na rangi zote za makabati tuliyowahi kutengeneza. Tulimwita Mzee wa Rangi. Wote wawili walikuwa Waluguru, na ukoo wa huyu na ukoo wa yule walikuwa watani tangu huko milimani, tangu enzi za mababu wa mababu. Anayeijua mila hii hahitaji maelezo. Kwa asiyeijua, mtani ana haki ya kukutukana, kukunyang'anya chakula, kukuzulia uongo mbele ya wageni, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Neno la mtani halishikwi.

Asubuhi mzee aliingia na kumwambia, "Mkaguzi, bado hujafa tu?" Naye akajibu, "Nakusubiri wewe utangulie ukanipakie rangi kaburi." Mzee aliwahi kumlia samaki wake mzima akamwachia miiba kwenye sahani na kumfunikia vizuri. Mama akalipa kwa kuificha barakashia ya mzee ndani ya kabati, na barakashia ikasafiri mpaka Dar, ikarudi baada ya wiki na dereva wa lori aliyeivaa muda wote.

Usione ni mchezo mtupu. Mama yake Mama Mkaguzi alipofariki, sote tulipanda naye Mgeta, kwao milimani, kwenye mazishi. Alikuwa hajalia, alikuwa anazunguka tu, anapanga viti, anahesabu sufuria, anakagua jeneza, na sisi tulimwogopa. Ndipo Mzee wa Rangi akatoka ndani amevaa kitenge cha marehemu na kushika fimbo yake, amejikunja vile vile alivyokuwa bibi, akaanza kuwagombeza waombolezaji kwa sauti yake: mbona mnakula sana, mbona huyu binti yangu hakai, nimemzaa au nimemtengeneza kiwandani? Watu walicheka hapo hapo msibani. Mama Mkaguzi alicheka, kisha kicheko kikapasuka katikati na akalia kama mtoto, akimpiga yule mzee kifuani kwa ngumi, na mzee akasimama tu apigwe. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Siku ile niliwaonea wivu, mimi ambaye kwetu mtu akifa tunalia kila mmoja na upande wake.

Sasa ndio mwone jinsi ilivyokuwa kwenye seti ya kwanza.

Tuliijenga kwa miezi. Mteja alitaka iende na maji yake ya kupoza yakiwa tayari ndani ya mabomba, ili ikifika isipoteze muda. Mama Mkaguzi aliijaribu mwenyewe, akaipitishia karatasi kila mahali, ikawa kavu. Baada ya hapo mmoja wetu alilegeza nati ya bomba moja la chini kutoa hewa iliyobaki, akaitwa chakula, akairudisha kwa vidole bila spana. Ni nani haikujulikana, na Mama mwenyewe baadaye hakutaka ijulikane. Seti ilipandishwa kwenye lori. Injini ilikuwa inaunguruma, meneja amevaa shati jipya, watu wanapiga picha. Mzee wa Rangi alikuwa ameinama chini ya fremu na brashi yake akiziba mkwaruzo wa foklifti. Akainuka.

"Mkaguzi," akasema kwa sauti, "leo sitanii. Chombo chako kinakojoa."

Karakana nzima ilicheka. Ilikuwa lazima icheke, kwa sababu "leo sitanii" ndivyo alivyoanza kila utani wake.

"Kinakojoa kwa woga," Mama akajibu. "Kimeona sura yako."

"Nakwambia kweli, mtani. Pale chini."

"Na juzi ulisema kweli kwamba nimefukuzwa kazi, nikakukuta unakula chapati zangu. Toka hapo, lori linaondoka."

Nilikuwa karibu yake. Nilimwona mzee amesimama na brashi inachuruzika rangi kwenye kiatu, mdomo umefunguka kusema jambo jingine, kisha akacheka naye. Angefanya nini? Maisha yake yote alikuwa amejipatia ruhusa ya kusema chochote, na siku aliyokuwa na neno la kweli hakuwa na mahali pa kuliweka. Lori likatoka getini.

Barabara ilimaliza kazi iliyobaki. Walipofungua milango Dar, maji yalikuwa yamelowesha swichi zote za chini. Mteja alipiga simu, meneja akaja kwetu na lile shati jipya limemganda mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumtazama Mama Mkaguzi. Alikusanya zana zake, akaenda chumba cha rangi, akasimama mlangoni. "Wewe ndiye uliyeona," akamwambia mtani wake. "Panda gari." Walikwenda pamoja, wakakausha, wakabadilisha kilicholowa, wakajaribu upya huko huko mbele ya watu wa mteja waliokunja mikono. Seti ikawaka. Mteja akaipokea kwa shingo upande. Wenye kiwanda wakasema wataliangalia upya suala la Morogoro, na neno hilo, "tutaliangalia," likakaa juu ya vichwa vyetu kwa miaka kama bati lililolegea paani.

Mzee wa Rangi ndiye aliyenihadithia safari ya kurudi. Anasema walikuwa wameshapita Ngerengere. Hapo Mama akamuuliza, bila kumgeukia, "Kwa nini hukunishika mkono ukanivuta?"

"Mtani hashiki mkono," akamjibu. "Mtani anatania."

"Ni kweli," Mama akasema. Basi, wakaingia mjini.

Meneja alikuwa amepata dawa yake. Alichapisha karatasi kubwa yenye methali, Mzaha mzaha hutumbuka usaha, akaibandika ukutani na kutangaza kwamba utani umepigwa marufuku kiwandani. Mama Mkaguzi aliibandua mbele yake. "Ukipiga marufuku utani," alimwambia, "hawataacha kutania. Wataacha kusema." Halafu alimwita Mzee wa Rangi aje na kopo la rangi nyekundu na brashi, akamwonyesha mahali pa sakafu kwenye mlango wa chumba cha majaribio, na kumwamuru achore mraba wa kumtosha mtu mmoja kusimama. Mzee alipiga magoti akauchora kwa mkono, mistari imenyooka kama ya mashine.

Sheria ya mraba ilikuwa fupi. Ukisimama ndani yake, huna mtani, huna bosi, huna mkubwa wala mdogo. Unachosema ni kweli mpaka kikaguliwe. Na hutoki humo mpaka Mama Mkaguzi mwenyewe akakiguse ulichosema kwa mkono wake.

Vijana mwanzoni waliudhihaki. "Mama anazingua, eti tuingie kwenye boksi," walisema, na mmoja alisimama humo akatangaza kwamba ana njaa. Mama aliacha kazi, akaenda jikoni, akaonja sufuria, akarudi, akamwambia, "Chakula kipo, kimeiva, kaendelee." Alisema bila kucheka hata kidogo, na yule kijana akatoka humo masikio yamemwiva kwa aibu. Baada ya hapo hakuna aliyeingia bila neno. Mfagiaji aliingia siku moja kusema feni moja ina mlio asioupenda, na ilikuwa kweli. Mchomeleaji aliingia kusema amelewa jana na haamini kazi yake ya asubuhi. Hata meneja aliingia, lori likiwa linasubiri, akaanza, "Mama, nakuomba utuachie hii seti iondoke." Mama akamkatiza. "Humo hatuombi. Humo tunasema. Una la kusema?" Meneja akatazama lori. Akatoka.

Na Mzee wa Rangi alisimama kwenye mraba wake mara chache, lakini aliposimama humo alibadilika uso ukadhani ni kaka yake mkubwa asiyependa watu. Alisema alilonalo kwa maneno machache, akasubiri liguswe, akatoka. Hatua moja nje ya mstari alikuwa ameshamwambia Mama kwamba leo ananuka kama beberu.

Hakuna seti nyingine iliyovuja. Ungedhani hilo lingempa Mama raha, kumbe lilimzidishia mateso. Wateja wa vitu hivi hawapigi simu kusema asante, wanapiga kitu kikiharibika. "Mteja akinyamaza ndiyo sifa yetu," alitufundisha, na alikuwa wa kwanza kushindwa kuuvumilia unyamavu huo. Kila dereva aliyerudi kutoka Dar alimkamata getini. Mimi nilipoanza kutumwa huko kufanya matengenezo, alinisubiri nishuke kwenye gari na swali lake lile lile, "Zinapumua?" Nikamjibu zinapumua, mama, feni zote zinazunguka. Akauliza na ile ya kwanza? Nikasema na ile ya kwanza. Akageuka akaenda zake, na kesho yake akauliza tena. Mimi mwenyewe ni mtu wa kutapatapa, siwezi kumaliza chai kabla haijapoa bila kuinuka mara kadhaa, lakini kwake nilijiona jiwe.

Umri wake wa kustaafu ulifika huku wenye kiwanda bado "wanaliangalia." Kila mwaka uvumi ulikuja: mwaka huu wanahamisha, wamepata jengo jipya karibu na bandari, Morogoro inarudi kwenye masanduku. Tulimfanyia sherehe, tukamnunulia kochi, kochi la watu wawili, tukiwa na nia mbaya. Alilipokea amesimama, akakagua miguu yake kama ni imara, akapanda nalo Mgeta kwao. Nasikia alikaushia mbegu za njegere juu yake.

Huko alilima kabichi na karoti kwenye matuta ya mama yake, na kila Ijumaa simu yangu ililia. "Shikamoo mama." "Marahaba. Wameamua?" "Bado, mama." "Haya." Na simu ikakatwa. Kwa mtani wake hakupata nafuu. Mara Mzee wa Rangi alimpigia kumwambia wameshahama na chumba chake cha majaribio kinafugiwa kuku. Mara akampigia, "Leo sitanii, wamekubali, tunabaki," na Mama akaamini, akawatangazia wanakwaya wa kanisa la huko, wakaimba. Jioni aliponipigia mimi ikabidi nimwambie hapana. Nilimkasirikia sana yule mzee. Yeye mwenyewe alijua kwamba safari hii amepita kiasi, kwa sababu wiki nzima hakumtania mtu, alipaka rangi tu. Lakini Mama hakulalamika. Neno la mtani halishikwi.

Kisha siku moja, asubuhi ya kawaida kabisa, meneja alikuja karakanani bila shati jipya, akatembea moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha majaribio, akasimama ndani ya mraba mwekundu. Mashine zilizimwa moja moja. Akasema wenye kiwanda wameamua. Nyaya, maji na majaribio, kila kitu, vinabaki Morogoro, na jengo la karibu na bandari halitajengwa. Hakuna aliyeshangilia. Tuliganda, maana hakukuwa na wa kuja kugusa neno lile na kumruhusu atoke. Ikabidi meneja atoke mwenyewe, kwa aibu kidogo, na hapo ndipo kelele zilipoanza.

Nilikuwa nimeshatoa simu. Mzee wa Rangi akanifunika mkono. "Hapana, binti. Hii ni yangu. Mimi ndiye niliyemdanganya." Akanifanya niape kwamba nitafunga mdomo mpaka amalize.

Jumapili yake tulipanda Mgeta kwa pikipiki mbili, ukungu umelala barabarani, mzee anakohoa nyuma ya dereva wake na barakashia ameifunga kwa kitambaa isipeperuke. Tulimkuta shambani, ametoka misani, sweta juu ya kitenge, jembe mkononi. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama usoni kutafuta jibu, nami nikatazama kabichi.

"Umekuja kunizika?" akamwambia mtani wake.

"Nimekuja kukagua kama bado unafaa kuzikwa."

"Sema kilichokuleta, uondoke na baridi yako."

"Mkaguzi," mzee akasema, "wameamua. Tunabaki."

Aliendelea kulima. Jembe lilipanda na kushuka. "Uliniimbishia kwaya nzima," akasema bila kuinua kichwa. "Na huyu mtoto wa Dakawa umemleta awe shahidi wako. Mwongo mkubwa wewe, mzee mzima."

Niliuma ulimi. Naapa sijawahi kuteseka vile kwa kunyamaza. Mzee wa Rangi alivua viatu, sijui kwa nini alivua, akachukua kijiti, akainama kwenye tuta lililosawazishwa vizuri, na kuchora mraba kwenye udongo mweusi. Mistari ilinyooka kama ile ya kiwandani. Akaingia ndani, akasimama miguu mitupu, mikono ameinyoosha pembeni. Uso wake ukawa ule wa kaka yake.

Jembe lilisimama.

"Nyaya zinabaki Morogoro," akasema. "Maji yanabaki. Majaribio yanabaki. Vijana wako wote wapo kazini. Meneja mwenyewe alisimama nilipochora mimi, akasema."

Mama Mkaguzi alimtazama. Kwa mbali kengele ya kanisa ilikuwa inaita misa ya pili na mbwa wa jirani anabweka bila sababu. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni kweli.

"Rudia," akasema.

Akarudia, neno kwa neno.

Mama akaweka jembe chini. Akamsogelea, polepole, akatia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa kipande cha karatasi ya chooni, kimekunjika, cha siku nyingi. Akakipitisha chini ya jicho la yule mzee, taratibu, kuzunguka, mpaka kwenye pua. Akakiinua kwenye mwanga, akakitazama.

"Hapa panavuja," akasema. "Haya, toka humo, unakanyaga miche yangu."

Lakini mzee hakutoka, alikuwa analia kweli sasa, na mimi pia, na sioni haya kusema. Mama alitutazama wote wawili kama watu waliomharibia ratiba. Kisha, hapo hapo kwenye ukingo wa tuta, miguu ameinyoosha mbele yake juu ya udongo, akakaa.